Juu ya Ukanda wa Filamu na Kamera ya Dijitali katika Mitaa ya Kariakoo

Katika Kariakoo na mitaa ya kati ya Dar es Salaam yasikika hata leo maneno ambayo vitu vyake vimekwisha toweka. Mtu aliyepigwa picha kwa simu huambiwa aende dukani akaisafishe, ijapokuwa hapana dawa itakayoigusa picha hiyo. Mzee aitazamaye filamu iliyomo katika kadi ndogo kama ukucha huiita mkanda, na kijana aitengenezaye husema amekata kipande kibaya, hali hana mkasi mkononi. Maneno haya ni mabaki ya kazi ya zamani. Yatuonyesha ya kuwa filamu ilikuwa kitu cha kushikwa kwa mkono, kuoshwa, kukatwa na kuzungushwa katika gurudumu, kabla haijawa hesabu ndani ya mashine.

Kusudi la makala haya ni kueleza kazi hiyo ya zamani ilivyokuwa, kazi ya sasa ilivyo, na jambo gani lililobadilika ilipotoka njia moja ikashika nyingine. Watu wengi wakizilinganisha njia hizi mbili huuliza ipi yatoa picha nzuri zaidi. Swali hilo lina haki yake, nasi tutaligusa. Walakini kwa nchi kama yetu si swali la kwanza. Jambo kubwa lililobadilika ni mahali ambapo gharama huangukia. Kwa ukanda, gharama ililipwa mbele, kabla ya picha kuonekana. Kwa dijitali, sehemu kubwa ya gharama imesogea nyuma, katika kuitunza picha iliyokwisha pigwa. Aliyelipa mbele alijua amelipa. Adaiwaye nyuma aghalabu hajui kuwa ana deni.

Ukanda ni nini

Ukanda wa filamu ni utepe mrefu wa plastiki uliopakwa jelatini iliyochanganywa na chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Nasema fedha kwa maana ya madini. Lakini lugha yetu huyaita madini hayo na pesa kwa jina moja, na katika kazi hii maana zote mbili zilikuwa kweli. Nuru ipitayo katika lenzi huzigusa chembe hizo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wakati huo hapana kinachoonekana. Picha imo, lakini imefichika, na nuru nyingine ikiifikia huiharibu. Hufichuliwa katika chumba cha giza, ambamo dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa na nuru kuwa fedha nyeusi, na dawa ya pili huziondoa zile zisizoguswa. Hiyo ndiyo kazi iitwayo kusafisha. Matokeo yake ni picha geu: penye nuru pamekuwa peusi, na penye giza pamekuwa peupe. Picha geu huchapwa juu ya ukanda mwingine, na hapo dunia hurudi katika sura yake. Katika ukanda wa rangi fedha huondolewa mwishoni na rangi hubaki mahali pake, lakini mwanzo wa kazi ni ule ule.

Kamera ya sinema hupiga picha 24 kwa kila sekunde. Ukanda wa milimita 35, uliotumiwa katika majumba ya sinema, hupita futi 90 kwa dakika, hata gurudumu la futi 1,000 huisha kwa dakika 11 hivi. Ukanda wa milimita 16, ulio mwembamba na wa gharama ndogo zaidi, hupita futi 36 kwa dakika. Futi 400 ni dakika 11, na futi 100 hazifiki dakika 3. Tufanye hesabu. Mtu ataka filamu ya dakika 90, na kwa kila dakika itakayobaki yeye hupiga dakika 5, kwa kuwa mchezaji hukosea, gari hupita, na mtoto mtaani husimama akaitazama kamera. Atahitaji dakika 450, yaani magurudumu 41. Kila gurudumu hununuliwa, hutunzwa penye ubaridi lisiharibiwe na joto la pwani, husafishwa, kisha huchapwa. Likisha pigwa halipigwi tena.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowafunza watu adabu ya kazi. Wachezaji walirudia maneno yao mara nyingi kabla ya kamera kufunguliwa. Mpiga picha aliipima nuru kwa chombo chake, akapima na umbali kwa futi, kwa maana hakuweza kuona alichokipata mpaka ukanda utoke maabara. Kamera ndogo ya Bolex, iliyotiwa ufunguo kama saa, ilikwenda karibu nusu dakika tu kabla ya kutiwa tena. Nusu dakika katika Mtaa wa Msimbazi ni kitu kidogo mno: mchukuzi mmoja na mkokoteni wake hajamaliza kuvuka.

Walioweza kununua ukanda

Kwa sababu hiyo, kuuliza nani apige filamu kulikuwa ni kuuliza nani mwenye mali. Mwaka 1935 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya uongozi wa L. A. Notcutt. Msaada mkubwa ulitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani. Hata ulipofika mwisho mwaka 1937, mradi ulikuwa umetengeneza filamu 35 kwa ukanda wa milimita 16. Sauti zilitiwa mbali katika sahani za santuri, jambo lililoiwezesha filamu moja kusemewa kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kule.

Mwanzo wa miaka ya 1950 kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini ilipiga filamu za Kiswahili katika Tanganyika, miongoni mwake Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mchezaji aliyejulikana sana katika filamu hizo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu. Baada ya Uhuru kazi ilishikwa na Serikali. Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikafuata Audio-Visual Institute, iliyosaidiwa na Denmark. Zama hizo zilitupa Fimbo ya Mnyonge, na mwaka 1985 Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill. Filamu za hadithi zilizopigwa nchini zilikuwa chache, na nyuma yake aghalabu palikuwa na mkono wa Serikali au wa mfadhili wa ng'ambo.

Si kwamba watu wa Dar es Salaam hawakuipenda sinema. Waliyajaza majumba ya Empire, Empress na Avalon katikati ya mji, na Amana huko Ilala. Na tangu mwaka 1966 wenye magari, pamoja na walioweza kupakiwa, walikwenda Drive-In ya Msasani. Walizijua filamu za Kihindi na za Kimarekani kwa majina ya wachezaji na kwa nyimbo zake. Waliojaza viti, hata hivyo, sio waliokuwa na kamera. Mji ulitazama miji ya wengine kwa miaka mingi kabla haujajitazama wenyewe.

Dijitali ni nini

Kamera ya dijitali haina chembe za fedha. Nyuma ya lenzi pana kigae kidogo cha silikoni kilichogawanywa katika vyumba vidogo vingi. Kila chumba hupokea nuru na kuigeuza umeme, na kipimo cha umeme huo huandikwa kwa tarakimu. Picha nzima basi ni orodha ya tarakimu, na orodha yaweza kunakiliwa mara elfu bila nakala ya mwisho kupungukiwa na kitu mbele ya ile ya kwanza. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na ukanda, ambao kila nakala yake hupoteza kidogo ya ukali wa asili.

Kabla ya dijitali ilitangulia video ya kaseti kubwa za VHS. Nigeria ilionyesha njia kwa Living in Bondage mwaka 1992, na filamu zake zikafika hata katika maduka ya Kariakoo. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, nayo ikawapa wachezaji wa majukwaani nafasi ya kuonekana nyumbani kwa watu. Kisha ikaja kaseti ndogo ya MiniDV, iliyoanza kuuzwa duniani mwaka 1995. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, na wengi huihesabu kuwa mlango ambao filamu za Bongo zilipitia kuingia sokoni.

Turudi katika hesabu yetu. Kaseti moja ya MiniDV ilichukua dakika 60. Zile dakika 450 zilizohitaji magurudumu 41 zilienea katika kaseti 8, nazo zaweza kufutwa na kupigwa tena. Hapana maabara wala chumba cha giza. Mpiga picha huitazama kazi yake papo hapo, na akiona kosa hurudia. Kijana wa Sinza au Ilala aliyekuwa na kamera ya kuazima, rafiki mwenye kompyuta, na nyumba ya jamaa ya kupigia, aliweza kufanya kwa siku chache kazi ambayo zamani ilitaka kibali, bajeti na safari ya ukanda kwenda maabara ya ng'ambo. Uhuru huo ni mkubwa, wala haifai kuubeza. Kwa mara ya kwanza watu wa mtaani walisimulia habari za kodi ya nyumba, mawifi, uchawi, mapenzi na mirathi kwa Kiswahili chao wenyewe, bila kuandikiwa na afisa.

Walakini uhuru ulikuja na hasara yake. Kazi ikawa bandika bandua: filamu moja haijapoa, nyingine imekwisha tiwa motoni. Yule mwongozaji aliyelazimishwa na bei ya ukanda kufikiri kabla ya kupiga, sasa hana wa kumlazimisha. Adabu iliyoletwa na gharama haina budi kuletwa na hiari. Na yawezekana: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, ni kazi ya zama hizi hizi, nayo kila picha yake yaonyesha kufikiriwa.

Jua la saa sita na ngozi nyeusi

Sasa tuguse swali la uzuri. Asimame mtu saa sita mchana katika Mtaa wa Congo. Jua lapiga juu ya maturubai, na chini ya baraza mna giza. Picha geu ya rangi huvumilia sana nuru iliyozidi. Pale penye mwanga mkali hubaki bado na alama za kitu. Kigae cha dijitali sicho hivyo. Chumba chake kikijaa nuru hufurika, na kilichofurika huandikwa kuwa cheupe tupu, hata shati la muuzaji huonekana kama tundu katika picha. Kwa upande mwingine, gizani dijitali imeshinda. Kamera za sasa huona vizuri ndani ya soko la shimoni kwa taa zilezile za wafanyabiashara, mahali ambapo mtu wa ukanda angeingia na taa zake mwenyewe na nyaya za umeme.

Lipo na jambo la ngozi. Kwa miaka mingi maabara za Marekani na Ulaya zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo ziliitwa Shirley. Ukanda uliopimwa kwa uso huo mara nyingi uliwaonyesha watu weusi kama vivuli vyenye macho na meno. Dijitali haikuponya kasoro hiyo yenyewe, kwa kuwa kamera iachiwayo ijichagulie nuru hudanganywa na ukuta mweupe nyuma ya uso mweusi. Lakini imempa mpiga picha kioo cha kuona kosa na kulisahihisha kabla mchezaji hajaondoka. Hiyo ni faida ambayo wapigaji wa zamani hawakuwa nayo.

Soko huibadili filamu

Filamu haiishi pale inapopigwa; huishi inapofika kwa mtazamaji. Katika Kariakoo ilifika kwa VCD, sahani ya bei ndogo iliyouzwa na wasambazaji wa mitaa hiyo kwa maduka ya nchi nzima na ya nchi jirani. Hapa pana hesabu ambayo watu wengi hawaijui. Picha moja ya MiniDV ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu. Picha ya VCD ina 352 kwa 288. Filamu iliyofika sokoni ilikuwa na kama robo tu ya nukta zilizopigwa. Tena VCD moja haichukui zaidi ya dakika 80 hivi. Filamu ndefu ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, na kwa kuwa kila sehemu iliuzwa kwa bei yake, wasimulizi wakajifunza kuinyosha hadithi hata ienee sahani mbili. Pale ukanda ulipoifupisha hadithi kwa bei yake, sahani iliirefusha kwa faida yake.

Sauti nayo ilipata mlango. Katika vibanda vya video, ambavyo watu huviita vibanda umiza, walitokea wafasiri waliosema juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye mzaha na maelezo. Lufufu alikuwa mashuhuri kuliko wote, na nakala zenye sauti yake ziliuzwa kwa wingi. Wengine huudhani usimulizi huu kuwa mtoto wa video. Sivyo. Tangu siku za magari ya sinema ya kikoloni, alikuwapo msemaji aliyesimama kando ya kitambaa akiwaeleza watu. Kilichobadilika ni kuwa sauti ya msemaji wa zamani ilipotea usiku ule ule, na ile ya Lufufu yaweza kunakiliwa pamoja na picha. Kwa wachunguzi wa lugha hiyo ni hazina.

Wepesi huo wa kunakili ndio pia uliowaumiza wenye kazi. Kinachonakiliwa na mwenyewe bila kupoteza kitu hunakiliwa na mwizi vivyo hivyo. Watu huenda vibandani na flashi zao wakaingiziwa filamu kumi kwa bei isiyofika ya sahani moja ya halali.

Deni la nyuma

Nimefika katika jambo ambalo kwa ajili yake nimeandika. Ukanda haufi upesi, lakini haufi kwa sharti. Penye joto na unyevu kama wa Dar es Salaam, ukanda wa asetati huanza kunuka siki, husinyaa, na ukungu huila jelatini. Katika zile filamu 35 za Vugiri, chache mno ndizo zilizobaki, na zimebaki kwa kuwa ziliwekwa katika hifadhi ya Uingereza. Hata hivyo ukanda uliotunzwa penye ubaridi na ukavu huishi miaka mia, na mtu akiuinua juu mbele ya dirisha aweza kuona kilichomo kwa macho yake, bila mashine yoyote.

Kaseti ya MiniDV haionekani kwa macho. Yataka mashine ya kuisomea, na mashine hizo hazitengenezwi tena. Sahani iliyochomwa nyumbani hupauka rangi yake ya ndani na kuchubuka. Hadi diski huenda miaka michache, kisha siku moja hukataa kuwaka. Picha ya dijitali huishi kwa kuhamishwa tu: lazima inakiliwe upya kila baada ya miaka kadhaa, na asiyeinakili ameichagulia kifo. Hilo ndilo deni la nyuma. Basi huenda ikawa kwamba filamu iliyopigwa mwaka 2004 ikapotea kabla ya ile iliyopigwa mwaka 1974.

Msomaji ataweza kusema: na zipotee, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa haraka tena hazikuwa nzuri. Jibu langu ni hili. Filamu haihifadhi hadithi peke yake. Nyuma ya wachezaji wagombanao pana mtaa. Pana nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye baraza na paa la bati, ambazo nyingi zimekwisha bomolewa kupisha maghorofa. Pana soko kuu alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua tarehe 10 Julai 2021. Pana mavazi, nauli zitajwazo na makonda, na maneno ya vijana ya mwaka ule ambayo mwaka uliofuata hayakusemwa tena. Alipofariki Steven Kanumba mwezi wa Aprili 2012, maelfu ya watu walimzika Kinondoni. Filamu zake ni sehemu ya historia ya mji, ziwe nzuri au ziwe dhaifu. Mjukuu atakayetaka kujua Dar es Salaam ya mwanzo wa karne hii ilisemaje na ilitembeaje hatapata shahidi bora.

Mifano ya kazi hiyo ya kuokoa ipo. Filamu Apostles of Cinema ya mwaka 2023, iliyotoka kwa kundi la Ajabu Ajabu la Dar es Salaam, yaonyesha watu wa kawaida wa kazi ya sinema wakiirudisha mbele ya watazamaji Maangamizi, iliyotoka mwaka 2001. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba waliofanya hivyo wametoka katika vibanda na maktaba za video za mji wenyewe.

Mwenye filamu hahitaji mali nyingi kuanza. Atunze kanda au faili aliyopigia, wala asitosheke na VCD, ambayo ni robo yake. Awe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba yake, kwa kuwa moto na mafuriko havibishi hodi. Kila mwaka azifungue zote aone kama zafunguka. Na aandike karatasini, kwa Kiswahili, jina la filamu, mwaka, mtaa uliopigwa na majina ya walioshiriki, maana faili isiyo na maelezo ni kama barua isiyo na anwani.

Mengine yawapasa wenye taasisi. Vyuo vyetu hukusanya kamusi, tenzi na hadithi za wazee, na kazi hiyo ni njema. Yafaa sasa waende na Kariakoo, kwa wasambazaji, kwa wahariri na kwa wasimulizi wa vibanda, wakaziombe kanda zilizo chini ya meza na ndani ya makabati kabla mashine ya mwisho ya kuzisomea haijaharibika. Gharama ya ukanda ililipwa na waliotutangulia. Hii nyingine ni yetu, na kadiri inavyocheleweshwa ndivyo inavyozidi.